Kuipelekea ruta umeme kwa kebo yake ya mtandao

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nene huyameza mawimbi ya Wi-Fi kabla hayajafika chumba cha pili. Dawa yake ni kuweka ruta nyingine ghorofa ya juu, lakini huko mara nyingi hakuna soketi karibu, na kuchimba ukuta wa chokaa uliozeeka ili kupitisha nyaya za umeme ni kazi ambayo fundi mwenye busara huikwepa. Kwa kuwa kebo ya mtandao lazima ipande kwa vyovyote vile, umeme wa ruta nao unaweza kupanda humo humo.

Kebo hiyo ina nyuzi 8 zilizosokotwa jozi jozi. Mtandao wa megabiti 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 za plagi peke yake, hivyo jozi ya buluu (4 na 5) na ya kahawia (7 na 8) hukaa bure. Kwa desturi buluu hupewa chanya na kahawia hasi. Mtandao wa gigabiti huzitumia jozi zote nne, kwa hiyo njia hii haiufai. Wala usiichanganye na 802.3af, utaratibu rasmi wa mwaka 2003 wa kupitisha umeme katika kebo ya mtandao, ambao hukitambua kwanza kifaa cha upande wa pili ndipo upeleke takriban volti 48. Hapa hakuna kutambuana: umeme umo katika waya muda wote.

Kwa upande wa chini, kata waya wa adapta unaokwenda kwenye ruta, kisha unganisha chanya na nyuzi mbili za buluu kwa pamoja, na hasi na zile mbili za kahawia. Upande wa juu zitoe nyuzi hizo hizo kwenye kebo na uziunganishe na kichwa cha adapta kinachoingia kwenye ruta, ukifuata mchoro wa chanya na hasi uliopo kwenye kibandiko chake. Jozi za chungwa na kijani ziachwe ziende kwenye plagi kama kawaida. Pini 4, 5, 7 na 8 za plagi zote mbili zisiunganishwe na kitu, ili siku mtu akiichomeka kompyuta yake asije akaiunguza.

Panapowashinda wengi ni kupungua kwa volti njiani. Uzi mmoja wa shaba wa kebo hii una ukinzani wa karibu omu 8.4 kwa mita 100. Nyuzi mbili zikiunganishwa hubaki 4.2, lakini umeme huenda na kurudi, basi unarejea pale pale kwenye 8.4. Kwa kebo ya mita 35 ni kama omu 2.9, na ruta inayovuta ampea 0.6 itapoteza volti 1.8 hivi, kwa hiyo katika volti 12 itapata 10.2. Ruta nyingi huvumilia hapo. Yangu haikuvumilia: nilipima kichwa cha adapta kabla ya kukichomeka, nikaona volti 12 kamili, nikaridhika, na usiku kucha ruta ikawa inazima na kuwaka. Kipimo kisicho na mzigo hakisemi lolote, kwa sababu volti hupungua pale tu umeme unapopita. Pima ruta ikiwa inafanya kazi. Nilipoukwangua uzi kwa kisu, chini ya rangi ya shaba palikuwa peupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni mkubwa zaidi.

Ikiwa safari ni ndefu, peleka volti 24 na uweke juu kifaa cha kushusha volti hadi 12, ukikirekebisha kwa mita ya kupimia volti kabla ya kukiunganisha na ruta. Kifaa hicho pia kinafaa kwa wanaotumia betri, kwani betri ya volti 12 inapochajiwa hupita volti 14. Nayo iwekewe fyuzi ya ampea 2 karibu na ncha yake ya chanya. Wanaoikumbuka miezi mitatu ya giza Unguja, kuanzia Disemba 2009, hawahitaji kuelezwa faida ya betri.

Viungo vyote vichomelewe kwa risasi na kufunikwa vizuri, maana hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye shaba iliyo wazi. Kebo ikipita nje, ipinde ishuke kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia ndani, ili maji ya masika yadondokee uani badala ya kuifuata hadi kwenye ruta.