Kabla mbuzi hajazaa: onja maji ya kisima chako kwanza

Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Aliyepandwa Agosti huzaa Januari, wakati huku Dodoma mvua imeshika na zizi limegeuka tope. Maandalizi yafanyike Desemba.

Wengi huandaa banda, wakasahau msuli wa huyo anayezaliwa. Akiwa bado tumboni, nyama yake ni maji zaidi ya kitu kingine chochote: seli ni changa, na katikati yake kuna majimaji yaliyojaa sodiamu na kloridi, yaani madini ya chumvi. Anavyokua, seli hunenepa na kusongamana, majimaji hayo hupungua, na potasiamu inayokaa ndani ya seli huongezeka. Kuzaliwa hakumalizi kazi hiyo. Kila seli ina pampu inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, na pampu hiyo hula nguvu bila kupumzika. Nguvu ya kwanza ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa. Basi kamua dang'a ya mbuzi mwingine mwenye afya, uigandishe kwenye chupa ndogo, maana mama asiye na maziwa hakupi taarifa mapema.

Ayodini ya kitovu, majani makavu na chupa yenye chuchu havihitaji maelezo.

Maji ndiyo yanayohitaji. Mtoto wa mbuzi akihara hupoteza maji, sodiamu na potasiamu kwa pamoja, na miguu hulegea. Nunua ORS, unga wa pakiti wa kurudisha maji na chumvi mwilini, duka la dawa mapema: lita 1 iliyochanganywa sawasawa ina milimoli (kipimo cha wingi wa madini) 75 za sodiamu na 20 za potasiamu. Mchanganyiko wa nyumbani wa chumvi na sukari hauna potasiamu kabisa. Sasa, visima vingi vya huku ni vya maji ya chumvi. Mwaka juzi nilikoroga pakiti kwa maji ya kisima, nikaionja baadaye, nikatema. Ilikuwa kali kuliko mchuzi wa dagaa. Sodiamu ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumwokoa. Kinga maji ya bati kwenye ndoo safi yenye mfuniko, uyachemshe, yapoe.

Na usiku wenyewe ukifika, kabla ya kumnywesha mtoto chochote, mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, mkaushe na kumpasha joto kwanza. Maziwa yafuate akishapata joto na kuanza kunyonya kidole.