Somo: Serengeti na Ukerewe mwezi Mei, safari ya mzunguko kutoka Mwanza

Mwangaluka wanachama.

Tangu tuvunje kibubu cha kikundi Desemba, swali linalonifikia kila wiki ni hili: tukitaka kuona wanyama na pia kupumzika ufukweni kwa pesa tuliyonayo, twende lini na tupite wapi? Jibu langu ni nusu ya pili ya Mei, na njia ninayoipenda haihitaji ndege. Unatoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, unaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka na kutokea hapo hapo, unapita Bunda kwenda Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kisha unarudi nyumbani kwa meli kutoka Nansio, mji wa kisiwa hicho. Ni mzunguko kamili, na unaweza kuuanza upande wowote. Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia.

Hatua ya 1: Chagua wiki, usichague mwezi tu

Wageni wa nje hujaa Serengeti kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara kule kaskazini, na tena Januari na Februari wanapozaa kwenye nyanda za Ndutu, kusini. Katikati ya misimu hiyo miwili ipo masika. Hoteli hushusha bei, nyingine hufunga kabisa kwa matengenezo, na barabara za hifadhini zinabaki tulivu.

Sasa tazameni wanyama wenyewe wanafanya nini wakati huo. Nyanda za kusini zikianza kukauka, nyumbu hupanda kuelekea kaskazini-magharibi, na kati ya mwisho wa Mei na Juni makundi makubwa huwa kwenye ukanda wa magharibi, maeneo ya Mto Grumeti. Huo ndio upande wetu. Mtu wa Arusha anasafiri siku nzima kufika huko, sisi lango liko kilomita kama 140 kutoka mjini. Nyumbu hufuata mvua, kwa hiyo mwaka mvua ikichelewa kukatika nao huchelewa. Hata wasipofika, wapo wenyeji wa kudumu: twiga, nyamera, mbega weusi kwa weupe kwenye miti ya kandokando ya Grumeti, na mamba wakubwa sana.

Aprili siishauri. Nilikwenda Aprili mara moja, na dereva akaacha barabara ya changarawe ili kuukwepa mtaro uliojaa maji. Udongo wa kule ni ule mweusi wa mfinyanzi tunaoujua mashambani kwetu, ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto. Tulikaa saa tano juani na wazee wawili ndani ya gari hadi tulipopata wa kutuvuta. Na kuacha barabara ndani ya hifadhi hairuhusiwi, hata ukiwa na sababu nzuri. Usiku tulilala njaa, kwa kuwa nafasi tuliyolipia ilikuwa mbali na giza lilishaingia. Niliumia zaidi kwa ajili ya wale wazee, maana mimi ndiye niliyewashawishi.

Hatua ya 2: Weka siku moja ya akiba kabla ya kupanga kitu kingine chochote

Hili ndilo ninalotaka mlichukue hata mkisahau mengine yote. Watu hupanga siku tano, wakazijaza zote tano, mvua moja ikavuruga kila kitu. Mimi napanga siku sita na kuzipa kazi tano. Siku ya sita haina jina. Barabara ikikatika, inatumika barabarani. Kivuko kikikwama, inatumika Kisorya. Kusipotokea kitu, mnaila Ukerewe na machungwa.

Akiba hiyo inakwenda pamoja na ule mzunguko. Siku tatu kabla ya kuondoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na umpigie mtu aliyeko Lamadi au Bunda umuulize mvua ya juzi na jana. Wakisema mito imejaa, geuza safari: anza kwa meli kwenda Nansio, pumzika kwanza, uache barabara ikauke, halafu gari likupokee upande wa Kisorya muingie Serengeti mwishoni. Mwambie mwenye gari tangu siku ya kwanza kwamba kuna uwezekano wa kugeuza, na muandikishane.

Hatua ya 3: Gari na dereva

Tafuta Land Cruiser au gari jingine la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kagua mwenyewe: tairi la akiba, jeki, kamba ya kuvutia, koleo, maji ya kunywa ya siku mbili. Muulize dereva mara yake ya mwisho kupita Ndabaka wakati wa mvua ilikuwa lini. Uwanda ule wa kuingilia hujaa maji haraka, na dereva aliyezoea lango la Naabi tu, lile la upande wa Arusha, hajui usumbufu wa uwanda huo. Kwa hesabu za safari zangu, gari na mafuta ndivyo vinavyokula zaidi ya nusu ya bajeti, kwa hiyo gari la watu sita lipande watu sita.

Hatua ya 4: Malipo ya hifadhi

Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, kwa simu au benki, basi shughulikieni mapema msije mkahangaika na mtandao langoni. Gari nalo lina ada yake. Ingieni mapema asubuhi, lango likifunguliwa saa 12, na andikeni saa mliyoingia, kwa sababu kibali kina saa zake na ukichelewa kutoka unalipa tena.

Kwa malazi, uliza maswali haya matatu kabla ya kutuma hata senti: bei ni ya mtu au ya chumba, kodi imo, na kuna bei ya mkazi? Msimu wa chini wenye hoteli wana nafasi, zungumza nao kwa upole na useme mko wangapi. Wenye mahema, kambi za umma ndani ya hifadhi ni nafuu zaidi, lakini mwezi Mei beba turubai la kutandika chini.

Hatua ya 5: Mizigo

Mbung'o wa ukanda wa magharibi ni wakali na wanaweza kuleta malale. Wanavutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo vaeni kaki au kijivu, mikono mirefu. Beba sweta, asubuhi kuna baridi. Beba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga. Hakuna chakula cha njiani kinachoyafikia, yanavumilia joto na mtoto anayatafuna saa nzima.

Hatua ya 6: Siku zenyewe

Siku ya kwanza ondokeni saa 10 alfajiri, mpite Magu na Lamadi kukiwa kunapambazuka. Mchana wote tembeeni taratibu ukanda wa Kirawira na Grumeti. Msikimbilie Seronera kwa sababu tu kila mtu anaitaja, ni zaidi ya kilomita 100 kutoka langoni na mvua ikinyesha mtapoteza nusu ya muda wenu njiani. Laleni ndani ya hifadhi. Siku ya pili amkeni mapema, muone wanyama wakati wa ubaridi, mtoke kabla ya saa zenu kwisha, mlale Lamadi au Bunda. Siku ya tatu Kisorya, kivuko hadi Rugezi, kisha Nansio. Gari linaweza kuwaacha Kisorya likarudi, mkaokoa siku mbili za kodi yake.

Ukerewe ndiko kwenye raha yenyewe. Kuna mawe makubwa yanayoingia majini, mchanga, upepo, sato wa asubuhi na ugali wa muhogo. Kodini baiskeli, nendeni upande wa msitu wa Rubya, au Bukindo kuona jumba la Chifu Lukumbuzya. Msiweke ratiba. Siku ya tano, au ya sita kama akiba haikuguswa, pandeni meli, safari ya muda wa saa tatu hivi mpo Mwanza, na mtaiona Mwanza ikiwajia na mawe yake yote.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja wa Buswelu:* Watoto wangu wanafunga shule Juni. Mei siwezi. Nifanyeje?

Dada, wiki ya kwanza ya likizo bado inakufaa. Nyumbu huwa bado wapo magharibi na wageni wa Julai hawajaanza kumiminika. Weka nafasi ya kulala mapema kidogo, ukiomba punguzo la watoto. Jua tu kwamba kuanzia Juni upepo wa kusi huchafua ziwa zaidi, basi mpande meli ya mapema.

*Kijana wa Nyakato:* Kaka, nina Noah, haiwezi?

Itakufikisha langoni bila shida, barabara ni lami. Mei ndani sikushauri. Iache Lamadi mahali penye mlinzi, mchangie gari la juu kwa siku mbili.

*Mwanachama wa Geita:* Sisi huku ni lazima tuzunguke hadi Ndabaka?

Hapana. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewasogeza sana, lakini ninyi mna kisiwa cha Rubondo jirani, na boti za hifadhi hutokea upande wa Nkome. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kilomita za mraba kama 457, ina nzohe (swala wa majimaji) na tembo, na sokwe walioletwa miaka ya 1966 hadi 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Ufukwe wa kule ni wa kutazama, msiingie majini, mamba na viboko ni wengi.

*Dada wa Igogo:* Na kichocho? Tunaambiwa tusiguse maji ya ziwa, sasa ufukwe wa nini?

Swali muhimu sana. Minyoo ya kichocho hutoka kwenye konokono wanaoishi kwenye matete na maji yaliyotulia, na hupenya ngozi. Kwa hiyo kaeni mbali na matete na sehemu wanakofulia watu. Ukiingia majini, hatari ipo hata penye mawimbi, hiyo siwezi kuificha. Kujifuta haraka kunasaidia kidogo tu. Wiki sita hadi nane baada ya safari nendeni zahanati mpimwe. Dawa ya praziquantel inatibu, ila ukiimeza mapema mno haiui minyoo michanga. Watoto wangu mimi huchezea mchangani na kuoga maji ya kisima.

*Kaka wa Nyegezi:* Kwa nini tusimalizie Zanzibar?

Mei mvua ya pwani bado ni nzito. Zanzibar ifanyeni safari yake, kuanzia mwisho wa Juni: basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar es Salaam, boti kwa muda wa saa mbili hadi Unguja. Kabla ya kuchagua Paje au Jambiani, ulizia kupwa na kujaa, maana maji yakitoka huko yanakwenda mbali sana.

*Mwanachama wa Igoma:* Shikamoo. Mama yangu alifiwa na dada yake meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Anatamani kuona twiga kabla hajazeeka zaidi, lakini mwezi huo hapandi meli, na hata kivuko anakiogopa. Tumuache?

Marahaba, na poleni. Msimuache na msimshawishi. Kwa ajili yake mzunguko unaishia Lamadi: siku mbili Serengeti, siku mbili ufukweni pale Ghuba ya Speke, ambako atakaa kwenye kiti kivulini na maji atayaona kwa mbali anavyotaka mwenyewe. Mkirudi kwa barabara mtapita Igoma kabla ya kuingia mjini. Akipenda kusimama kwenye makaburi ya waliokufa MV Bukoba, mwambieni dereva mapema asiwe na haraka. Wengine mnaovuka, kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu mnapopanda, livaeni mwilini na kufunga kamba, na kivuko kikionekana kimejaa kupita kiasi, ile siku ya akiba ndiyo mnayoitumia hapo.