Bajeti ya kuendesha bomba la mafuta: anza na kazi, hela baadaye

Bajeti nyingi za uendeshaji zinatengenezwa hivi, mtu anafungua faili la mwaka jana, anaongeza asilimia 10, anatuma kwa bosi. Usifanye hivyo. Chukua bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 toka Kigamboni mpaka Ndola kule Zambia, limeanza kazi 1968, miaka mingi limebeba mafuta ghafi ya kwenda kusafishwa kwenye kiwanda cha Indeni hukohuko Ndola na siku hizi linabeba dizeli. Sasa mtu akikopi bajeti ya enzi za ghafi si kichekesho? Ghafi ilikuwa inasafishwa mbele ya safari, dizeli ikifika ni ya kuuzwa, kwa hiyo kazi ya kupima ubora lazima ikue na hilo faili la zamani halitakwambia.

Kwanza andika kazi zote bila bei. Kusukuma mafuta, kupima sampuli, kufyeka njia ya bomba, doria, ovahoo ya pampu (kuifungua na kuikarabati yote), kupitisha pigi ndani ya bomba (kifaa cha kusafisha au kukagua bomba kwa ndani). Kila kazi jiulize inaongezeka kwa sababu ya nini, na hapa ndo penye utamu wote, maana watu wanagawa kila kitu kwa lita. Kufyeka hakujui lita, kunafuata kilomita na mvua. Ovahoo inafuata saa ambazo pampu imezunguka. Kwa hiyo mzigo ukishuka asilimia 20 halafu hedi ofisi wakasema kateni kila mstari asilimia 20, majani hayajasikia hilo tangazo.

Na umeme wa pampu nao una mambo yake. Ukiongeza kasi ya mafuta kwa asilimia 10, nguvu ya kushinda msuguano inapanda karibu asilimia 33 (1.1 × 1.1 × 1.1), wakati ile ya kupandisha mafuta mlimani inapanda 10 tu. Muulize injinia akutenganishie, usikisie.

Halafu geuza kazi kuwa watu, siku na vifaa. Tuseme, namba za kujifunzia tu hizi, una kipande cha kilomita 200 kinafyekwa mara mbili kwa mwaka, gengi moja la watu 8 linamaliza kilomita 2 kwa siku. Hapo kila awamu inataka siku 100 za gengi. Ukigawanya kwa mwaka mzima unaona gengi moja linatosha na siku zinabaki, lakini kufyeka kuna msimu wake, dirisha la kila awamu ni siku 40 za kazi, kwa hiyo unahitaji magengi mawili na nusu. Kama unayo mawili yanakupa siku 80, zile 20 unakodi vibarua kila awamu, na hiyo ndo namba unayopeleka kwenye bajeti, huajiri gengi la tatu likae bure miezi minane.

Bei weka mwisho kabisa, kwenye shiti yake peke yake, dola ikipanda spea za nje unabadilisha sehemu moja tu. Mishahara ya walinzi, bima na vitu kama hivyo viache kwenye kundi la gharama za kudumu, usivilazimishe kwenye kazi.

Kila robo mwaka jaza kazi zilizofanyika kweli pembeni ya zile ulizopanga. Gharama ikizidi, angalia kwanza kama kazi ziliongezeka au bei ndo ilipanda, maana la kwanza unaenda kuongea na watu wa site, la pili na watu wa manunuzi.