Somo: Kuongeza nguvu kwenye Banshee hapa Pwani, kifungwe nini kwanza

Swali haliishi: "Nina Banshee, nataka iende zaidi, nifunge nini?" Nimelijibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naliandika lote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Ninayoizungumzia ni Yamaha Banshee, YFZ350, kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya mipigo miwili iliyouzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 2006. Ina silinda mbili, 347 cc, inapozwa kwa maji, kipenyo cha silinda 64 mm na mwendo wa pistoni 54 mm, kabureta mbili za Mikuni za 26 mm. Mwenye Blaster, kwodi nyingine ya Yamaha, afuate pia, ila yake ina silinda moja na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo kila panaposemwa joto azidishe tahadhari.

Hatua ya 1: Amua unaendesha wapi. Mchanga wa ufuoni unataka nguvu ya chini na ya kati. Barabara ndefu za vumbi kule Vipingo zinaruhusu nguvu ya juu. Huwezi kupata zote kwa injini moja.

Hatua ya 2: Pima injini kabla hujanunua kitu. Ingiza geji ya kompresheni, fungua mafuta yote, piga kiki mpaka mshale usimame. Injini nzima ya kiwandani hucheza karibu psi 120 (psi ni kipimo cha shinikizo). Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, fungua. Kisha ziba njia za eksozi na za kabureta, pampu hewa psi 6, ngoja dakika 6. Ikishuka, pakaa maji ya sabuni utafute povu. Oili sili (mpira unaoziba kwenye krenki) ya upande wa magneto ikivuja, injini inanyonya hewa isiyopitia kabureta na hakuna jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) itakayokuokoa. Ya upande wa klachi ikivuja, utaona moshi mweupe na oili ya gia inapungua.

Hatua ya 3: Sproketi, yaani gia za cheni. Kiwandani ni meno 14 mbele na 41 nyuma. Weka 13 mbele. Hakuna kitu rahisi kuliko hicho kwa mchanga, na wengi wakishafanya hivyo wanagundua hawakuhitaji kingine.

Hatua ya 4: Eksozi. Kwenye injini ya mipigo miwili, eksozi ndiyo inayoamua nguvu ije wapi. Wimbi la shinikizo likirudi kwa wakati wake, linasukuma petroli iliyotaka kutoroka irudi ndani ya silinda kabla mlango wa eksozi haujafungwa. Wakati huo unategemea urefu na umbo la tumbo la bomba, ndiyo maana kila eksozi ina mizunguko ya injini inayoifaa. FMF Fatty ni ya chini na kati. Toomey T5 inaanzia kati kwenda juu. CPI ni ya juu. Kwa ufuoni chukua ya kwanza, usidanganywe na sauti ya hiyo ya mwisho.

Hatua ya 5: Ridi na filta. Ridi ni ndimi za vali kwenye njia ya kuingilia injini; za V-Force au Boyesen zinasaidia injini kuitika haraka ukivuta mafuta. Kifuniko cha boksi la filta kitolewe tu kama una filta ya sponji iliyopakwa oili yake na soksi (kitambaa cha kuzuia vumbi) juu. Mchanga wa Diani ni laini kama unga, na ukipita ringi zitaisha mapema mno.

Hatua ya 6: Jeti. Hapa someni polepole, maana ndipo injini nyingi zinapofia.

Kila kinachoruhusu hewa zaidi kinadai petroli zaidi. Jeti kubwa ya kiwandani kwenye Banshee ya Marekani ni 200. Ukifunga eksozi na kutoa kifuniko, wengi huishia kati ya 280 na 320. Anza 320 ushuke, usianze chini ukapanda. Petroli ikizidi, injini itakohoa na kutoa moshi, hasara yako ni plagi. Ikipungua, injini itakwenda tamu kabisa kwa muda, kisha pistoni itashika.

ONYO LA KWANZA: kwodi iliyotoka Nairobi. Kule ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na fundi wa huko amepunguza jeti ipasavyo. Ukiishusha Mombasa hewa ni nzito zaidi, lakini jeti ni zile zile, kwa hiyo petroli haitoshi. Joto letu linapunguza tofauti hiyo kidogo, haliiondoi. Panda jeti hatua mbili au tatu za 10 kabla hujaiwasha kwa nguvu, halafu ndipo upime.

ONYO LA PILI: namba za Mikuni na za Keihin si kipimo kimoja. Nenda dukani na jeti yako ya zamani mkononi, linganisha kichwa na uzi.

ONYO LA TATU: kabureta ni mbili. Slaidi zote (vali zinazoinuka ukivuta mafuta) ziinuke pamoja. Ingiza kidole kila upande huku mwenzio akivuta mafuta taratibu. Moja ikitangulia, rekebisha kebo. Zisipolingana, silinda moja inakula na nyingine inakaa na njaa.

Kupima: weka plagi mpya NGK BR8ES, pasha injini moto, nenda gia ya nne mafuta yote, kisha zima swichi na bana klachi kwa pamoja. Kata uzi wa plagi uangalie shina la kauri kule ndani. Pete ya kahawia ni sawa. Jeupe tupu: panda jeti. Jeusi la masizi: shuka hatua moja. Ncha ya plagi haikuambii chochote cha kutegemea.

Hatua ya 7: Kompresheni. Silinda hedi yenye vikombe vya kubadilisha ndiyo bora. Kwa petroli ya pampu chagua kikombe cha 21 cc, usishuke chini ya 20. Ya 18 inataka petroli ya mashindano. Ukishafunga, pima mwanya kati ya pistoni na hedi: ingiza waya wa risasi wa kulehemu kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, usawa wa pini ya pistoni, zungusha injini, toa upime ncha iliyobanwa kwa venia. Upate kati ya 1.0 na 1.3 mm, pande zote mbili.

Hatua ya 8: Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Kuisogeza mbele digrii 4 kunaongeza uhai wa chini, na joto pia. Kama umeshapandisha kompresheni, iache ilivyo.

Kuchonga milango ya silinda sijakuandika, na nimefanya hivyo makusudi. Ukikosea hakurudi.

MASWALI

Mwanachama, Mtwapa: Mimi nimefunga T5, jeti sijagusa, inalia freshi kabisa. Kuna shida?

Jibu: Soma hatua ya 6. Usiiwashe tena mpaka ubadilishe.

Mwanachama, Mtwapa: Lakini fundi wangu amesema haina neno.

Jibu: Akununulie yeye pistoni.

Mwanachama, Likoni: Shekhe, shukran kwa somo. Natumia 32 kwa 1, petroli kwa oili ya kuchanganya. Rafiki yangu ameniambia niongeze oili iwe 20 kwa 1 ili injini isife. Ni kweli?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Jeti inapitisha ujazo ule ule. Ukiongeza oili, petroli inayopita inapungua, kwa hiyo umeinyima injini petroli huku ukidhani unailinda. Kaa 32 kwa 1: lita 5 za petroli kwa mililita 156 za oili, lita 10 kwa 313. Pima kwa kikombe chenye mistari, si kwa kifuniko cha chupa. Ukibadilisha kipimo cha oili, pima plagi upya.

Mwanachama, Likoni: Na oili ya mashine za boti? Ndiyo rahisi kupata huku kwetu.

Jibu: Hapana. Ile yenye alama TC-W3 imetengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa na maji ya bahari, hazifiki joto la kwodi. Tafuta yenye alama JASO FD mgongoni mwa chupa.

Mwanachama, Kisauni: Bei ya kila kitu jumla ngapi?

Jibu: Sproketi kwanza. Ukitosheka nayo, umeshamaliza.

Mwanachama, Changamwe: Fundi, nimeboa silinda kwenda 64.50 na nimeweka pistoni za Wiseco. Naona zinagonga asubuhi zikiwa baridi. Nimekosea?

Jibu: Kugonga kidogo baridi ni kawaida yake. Pistoni ya kufuliwa kama hiyo hutanuka zaidi, hivyo huachiwa nafasi kubwa kuliko ya kiwandani. Fuata karatasi iliyo ndani ya boksi. Unachotakiwa ni kuipasha moto mpaka ushike rejeta uone ina joto, ndipo uvute. Ukivuta ikiwa baridi, pistoni inatanuka kabla silinda haijatanuka na inashika pembe nne. Jambo la pili: uliyemboesha alilainisha kingo za milango? Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye ukingo, ringi nayo itakwama.

Mwanachama, Changamwe: Ukucha umekwama mlango wa eksozi.

Jibu: Usiwashe. Rudisha kwa fundi, avunje ukali wa ukingo kote kwa jiwe laini, kisha uoshe silinda kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Mwanachama, Nyali: Nje ya mada kidogo. Rejeta yangu inaziba kila mara, ndani kuna kitu cheupe kama chokaa.

Jibu: Unatia maji ya kisima? Visima vyetu vingi kisiwani na pwani vina chumvi na chokaa. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya kupoza injini). Osha njia kwanza kwa maji safi mara kadhaa.

Mwanachama, Bamburi: Nami niongeze: mkitoka ufuoni osheni kwa maji baridi yasiyo na presha, na mzibe mdomo wa silensa. Presha inasukuma chumvi ndani ya beringi za ekseli.

Jibu: Sahihi kabisa, kaka. Na cheni ipakwe mafuta ikiwa bado ina joto, hapo hapo baada ya kukauka. Ukingoja kesho utaikuta na kutu.