Somo: Soma kodi (namba za hitilafu) za Corolla ya zamani kabla hujanunua kontrol boksi (kompyuta ya injini)

Nililetewa Corolla AE100, injini 5A-FE, mwenyewe ameshaambiwa kontrol boksi limekufa. Kumbe boliti ya ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi au injini) kwenye manifoldi ya hewa (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) ilikuwa imelegea na kushika kutu. Inaniuma sana mtu kutoa pesa ya boksi wakati gari lenyewe linaweza kusema linaumwa wapi.

1. Hakikisha betri ina volti 11 au zaidi. Gia iwe huru, AC imezimwa, mguu usiguse mafuta.

2. Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo chenye mfuniko. Majina ya matundu yameandikwa chini ya mfuniko. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Usikisie: ukiunganisha B+ (umeme wa betri) na E1 (ethi) umepiga shoti.

3. Washa switchi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka mfululizo, hakuna kodi. Mipepeso miwili, kituo kifupi, miwili tena: hiyo ni 22.

Kodi utakazokutana nazo sana: 12 ni mawimbi ya mzunguko kutoka distributa, 14 ni jibu la ignita (kifaa kinachoamrisha cheche), 22 joto la maji, 31 presha ya manifoldi, 41 sensa ya throto (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta).

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kodi inataja saketi nzima: sensa, plagi yake ya waya (si ya cheche), waya na boksi. 22 haimaanishi ununue sensa. Ichomoe uipime: kwenye nyuzi 20 itoe omu 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 itoe 200 hadi 400. Na sensa iliyochoka bila kukatika inaweza isitoe kodi kabisa; boksi linadhani injini ni baridi, linaongeza mafuta, gari linatoa moshi mweusi. Kwa hiyo pima hata kama taa imesema kuko salama.

4. Ukishatengeneza, zima switchi, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme) kwa sekunde 10 au zaidi, endesha, kisha soma upya.

MASWALI

Fundi, nimebadilisha sensa ya maji, 22 bado ipo.
— Ulichomoa fyuzi, mkuu? Kodi ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu. Kama ulichomoa na imerudi, pima plagi ya sensa switchi ikiwa imewashwa: utafute volti 5 hivi. Zikikosekana, fuata waya.

Kaka, yangu taa haiwaki kabisa na gari haliwaki.
— Anza na fyuzi ya EFI, rilei kuu na ethi. Vikiwa vizima, chomoa plagi ya sensa ya throto, kisha ya presha. Sensa yenye shoti huangusha volti 5 za boksi zima. Taa ikirudi baada ya kuchomoa mojawapo, umempata mhalifu.

Je, boksi lenyewe haliharibiki?
— Huharibika. Kapasita za miaka ile huvuja na kula njia za shaba. Lakini lifungue mwisho, umeme na ethi vikishapimwa.