Kukagua Udongo wa Kiwanja Kabla ya Kuchimba Msingi

Mnunuzi wa kiwanja huwa makini kuuliza kama hati ni halali na kama hakuna mkopo wa benki au kesi ya mirathi, lakini ni wachache wanaouliza ni shughuli gani zilifanyika juu ya ardhi hiyo miaka kumi au ishirini iliyopita. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoanza kazi mwaka 2007 kilifungwa mwaka 2014, kikaacha madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa wakazi na mahakama mwaka 2020 ilithibitishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024 tu.

Hatua ya kwanza haihitaji koleo. Zungumza na majirani waliokaa hapo muda mrefu pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na usiwaulize kuhusu "uchafuzi", bali waulize palikuwa na nini: gereji, kituo cha mafuta, dampo, kiwanda cha ngozi. Katika maeneo ya dhahabu kama Geita, uliza kama palikuwa na mwalo, yaani mahali pa kusaga na kuosha mawe ya dhahabu, kwa sababu zebaki hubaki kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha) hata wachimbaji wakishahama. Kisha linganisha maneno yao na picha za setilaiti za miaka ya nyuma.

Baada ya hapo tembea kiwanja chote, hasa mvua ikishanyesha. Bomba jembamba lililosimama peke yake kando ya sakafu kuukuu ya zege huenda ni pumulio la tangi lililofukiwa, na vipande vinene vya plastiki nyeusi vinaweza kuwa mabaki ya makasha ya betri. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya dimbwi, uguse kwa kijiti: ukivunjika vipande vipande na kubaki hivyo, kwa kawaida ni kazi ya bakteria wa chuma, lakini ukirudi kujiunga, shuku mafuta.

Sampuli zichukuliwe kwa kufuata historia hiyo, na afadhali kazi hii ifanywe na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Risasi iliyotua kwa moshi na vumbi hukaa juu, hivyo sentimita 15 za kwanza ndizo muhimu, ilhali petroli huzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na hutafutwa kwa kuchoronga. Udongo unaoshukiwa kuwa na petroli ujazwe pomoni kwenye chupa ya kioo, ufungwe na kuwekwa kwenye barafu, maana chupa nusu hupoteza mvuke na kuleta majibu mazuri ya uongo. Chukua pia sampuli moja mahali pasipo na shaka, ili iwe ya kulinganishia.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kuchanganya udongo wa pembe zote katika mfuko mmoja ili kupunguza gharama za maabara. Doa lenye miligramu 2,000 za risasi kwa kilo, likichanganywa kwa vipimo sawa na udongo safi wa sehemu nyingine tisa, litasomeka takribani 200. Marekani, kwa miaka mingi, ilitumia 400 kama kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi, na mwaka 2024 ikakishusha hadi 200. Kwa kipimo cha zamani, doa hilo lingepita bila kuulizwa.

Doa likithibitishwa, kuna njia ya kuuondoa udongo huo na kuupeleka panaporuhusiwa, kuufunika kwa zege au udongo safi, au kubadilisha ramani ili mahali hapo pawe maegesho badala ya bustani ya mboga. Ripoti ya vipimo iambatishwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa kwa wasimamizi wa mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, na mkataba wa mauziano uandikwe kwamba malipo ya mwisho yatasubiri majibu ya maabara. Kisima nacho kisubiri, kwa kuwa kikipita katika tabaka chafu huwa njia ya kuteremshia uchafu kwenye maji ambayo bado yalikuwa salama.