Ramani ilisema baridi kavu, mimi nikakwama Colorado na tairi za kipara

Kila ikifika Oktoba, kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Colorado huzuka picha ileile: ramani ya Marekani iliyopakwa rangi, na chini yake mtu kaandika, "Jamani, mwaka huu baridi si kali." Katika msimu wangu wa pili hapa, aliyeandika hivyo nilikuwa mimi. Miezi mitano baadaye nilikuwa nimelipa faini, nimelipa bredauni, nimepoteza zamu mbili za kazi, na rafiki yangu mmoja akanirudishia ile picha yangu bila neno lolote.

Ramani yenyewe si ya matapeli. Inatolewa na Climate Prediction Center, kitengo cha serikali cha utabiri wa misimu, na huhuishwa kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Kahawia ni dalili ya ukavu, kijani ni unyevu, nyeupe maana yake hakuna upande uliozidi mwingine. Mwaka ule milima yetu ilipakwa kahawia na kuandikwa 40. Nikajisemea, basi, ukame. Tairi za theluji za nini?

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo niliponaswa. Hiyo 40 haisemi theluji itapungua kwa asilimia 40. Wanagawa misimu katika mafungu matatu: mkavu, wa kawaida na wenye unyevu, na kwa kawaida kila fungu hupewa asilimia 33. Mkavu ukipewa 40, wa kawaida unabaki na 33, na wenye unyevu bado una 27. Asilimia 27! Daladala ambayo breki zake hugoma kila safari ya nne, ungepanda?

Na hata msimu ukiwa mkavu kweli, ramani inazungumzia jumla ya miezi mitatu, Desemba hadi Februari. Haisemi lolote kuhusu Jumamosi yako. Sisi tuliokua na utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, tulipaswa kulijua hili kabla ya Wamarekani. Mara ngapi wametangaza vuli ya "wastani hadi chini ya wastani", halafu mvua ya usiku mmoja ikafunga barabara ya Jangwani, Dar? Ni hivyohivyo, ila huku maji yanakuja yameganda.

Kitu kingine kilichonipumbaza ni Desemba hadi Februari. Februari ilipoisha nikahesabu nimepona. Kumbe Denver kwa wastani mwezi wa theluji nyingi kuliko yote ni Machi, na theluji ya Machi ni nzito, imelowa, inashika tairi kama udongo wa mfinyanzi.

Wanaopenda kusema "ni La Niña, kwa hiyo kutakuwa kukavu", nao watulie. La Niña ni kinyume cha El Niño, yule yule tunayemjua sisi: El Niño ya 1997 ilituletea mafuriko nyumbani, na La Niña huelekea kutukaushia vuli. Huku Colorado inagawanyika. La Niña mara nyingi hupendelea milima ya kaskazini, upande wa Steamboat, na El Niño hupendelea kusini magharibi, kule Wolf Creek. Milima ya katikati, ambako wengi wetu tunapanda kufanya kazi kwenye mahoteli, inaweza kuangukia upande wowote.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Alhamisi Denver watu walikuwa wamevaa kaptula, nyuzi 18. Ijumaa usiku simu ikalia: Winter Storm Warning. Nikaifuta, nikidhani ni kama lile la juzi yake, Watch. Usifanye hivyo. Watch maana yake dhoruba inaweza kuja. Warning maana yake inakuja au imeshafika. Mimi nilikuwa nayachukulia yote kama kelele za Wazungu wanaoogopa kivuli.

Nikatoka Aurora, pembeni mwa Denver, saa kumi na moja alfajiri, lami kavu, nikaingia barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi. Handaki la Eisenhower liko maili 60 hivi kutoka Denver, kwenye mita 3,401 juu ya bahari. Kwa wenzangu wa Moshi: hapo ni juu kuliko kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, unakaribia kile cha Horombo, ila uko ndani ya gari na malori yanakupita. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya handaki theluji ikaanza kuja kwa ubavu. Nikakanyaga mafuta, tairi zikazunguka bure, nyuma ya gari ikaanza kuteleza taratibu, taratibu kabisa, mpaka nikawa nimekingama njia mbili. Taa za malori nyuma yangu zikawaka zote.

Askari alipokuja hakunifokea. Alichuchumaa, akachomeka kijiti cha kupimia kwenye kashata za tairi, akanionyesha. Nikamwambia kwa kujiamini, "Lakini zina alama ya M+S, ya tope na theluji." Akasema ndiyo, lakini zimeisha.

Hilo lishike. M+S peke yake haitoshi. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero kinadai uwe na tairi zinazofaa au minyororo ndani ya gari, hata kama jua linawaka na lami ni kavu. Tairi za M+S zinakubalika zikiwa na kina cha inchi 3/16, karibu milimita 5. Hata gari linalovuta kwa tairi zote nne linadaiwa kina hichohicho. Ukikutwa huna, faini inazidi dola 130. Ukikutwa huna na umeziba barabara kama mimi, inazidi dola 650. Bredauni ni bili nyingine, na ile siku ya dhoruba bei hupangi wewe. Aliyeniuzia gari alisema tairi "bado nzima". Kwa Tandika, Dar, zilikuwa nzima kweli. Kipimo cha kina ni cha dola chache. Nunua, pima mwenyewe, narudia, pima mwenyewe.

Ukiweza, nunua zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Zile za kawaida mpira wake hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi.

Ndugu wa nyumbani, na ninyi. Mama mdogo aliniambia niache kulalamika, yeye theluji ameiona tangu mtoto. Ameiona Kibo, akiwa shambani, amevaa kanga. Na binamu wa Dallas anayetaka kukodi kagari kadogo Krismasi awapeleke watoto Vail, milimani huku kwenye I-70: mpenzi, kampuni ya kukodisha haikuhakikishii tairi, na faini itakuja kwako dereva. Uliza kabla hujalipa.

Lililonishangaza kwa watu wa hapa ni hili. Wanne walishuka kwenye magari yao wakanisukuma pembeni, mmoja akanipa glavu zake, wakaondoka bila hata kuuliza jina. Lakini katika miezi yote niliyoendesha na vipara vile, hakuna jirani wala mfanyakazi mwenzangu aliyefungua mdomo. Kwao tairi lako ni jambo lako. Kwetu ningeshasimangwa na kijiwe kizima. Hata askari, baada ya kunikabidhi karatasi, alinitakia siku njema, na nadhani alimaanisha.

Ukikwama, baki ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini upate joto, ondoa theluji kwenye bomba la moshi, kila mara, maana likiziba hewa yenye sumu inarudi ndani na haina harufu. Mengine ya kawaida: blanketi, maji, chaja, koleo, tangi lisishuke nusu, na COtrip, huduma ya hali ya barabara za Colorado, uifungue kabla ya kutoka, si ukiwa Morrison. Binamu amebadilisha tiketi, anakuja Julai.